Kuvuka Mbuga Wakati wa Mvua

Mtu aliyeiona mbuga ya Kahama mwezi wa Septemba, kisha akairudia mwezi wa Januari, aweza kudhani amepelekwa katika nchi nyingine. Mwezi wa Septemba ardhi hiyo ni ngumu kama tofali lililochomwa, nayo imepasuka nyufa ambazo mtoto aweza kutumbukiza mkono hadi begani. Baiskeli iliyobeba magunia ya mpunga hupita juu yake bila kuacha alama. Mwezi wa Januari ardhi ile ile humeza mguu wa ng'ombe hadi gotini, na mwenye baiskeli huonekana ameibeba baiskeli yake begani, badala ya baiskeli kumbeba yeye.

Katika nchi nyingine, Uingereza mathalani, wako watu wanaopanda nyanda za juu zenye mvua na ukungu kwa burudani tu, siku za mapumziko, wakiwa na ramani na makoti ya kuzuia maji. Kahama hakuna aendaye mbugani kwenye mvua kwa burudani. Hata hivyo maelfu ya watu huvuka mbuga hizo kila masika kwa sababu hawana njia nyingine: wakulima wa mpunga, wachungaji, wachimbaji wadogo wa dhahabu, na wanafunzi wa shule za kutwa.

Hebu achukuliwe mwanafunzi mmoja wa aina hiyo. Ni saa tisa alasiri, mwezi wa Januari. Nyumbani kwao ni ng'ambo ya bonde, na wingu jeusi limekwisha kujikusanya upande wa kaskazini, kuliko Ziwa Viktoria. Mbele yake ziko njia mbili. Ya kwanza ni fupi, nayo hukata moja kwa moja katikati ya mbuga. Ya pili ni ndefu, hupanda mgongo wa kilima chenye mawe na kushukia upande wa pili. Chini kuna tope na maji. Juu kuna radi. Ashike ipi? Swali hilo ni la jiografia, kemia na fizikia kwa pamoja, na jibu lake laweza kuokoa roho.

Mnyororo wa udongo

Neno "mbuga" katika maeneo mengi humaanisha uwanda wowote wenye majani, au hifadhi ya wanyama. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi lina maana iliyo finyu zaidi, yaani bonde pana lenye udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hutuamisha maji. Maana hiyo ya pili ndiyo iliyochukuliwa na wataalamu wa udongo wa Afrika ya Mashariki, wakaiandika katika vitabu vyao vya Kiingereza bila kuifasiri.

Mkulima wa nchi hiyo hakungoja mtaalamu ili aujue udongo wake. Akisimama juu ya kilima cha mawe ya itale, yaani graniti, na kuteremka hatua kwa hatua hadi bondeni, aweza kutaja udongo kwa majina kadiri anavyokwenda. Karibu na mawe hukuta udongo mwekundu uitwao kikungu. Chini kidogo ni luseni, udongo wa kichanga, mwepisi kulima, ambao maji hupenya upesi. Chini zaidi huja itogolo, na mahali pengine ibambasi, udongo ambao chini yake kuna tabaka gumu lisilopitisha maji. Mwisho wa yote ni mbuga yenyewe.

Mpangilio huo ndio uliomfikirisha Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milima ya Usambara. Milne aliona kwamba katika Afrika ya Mashariki si rahisi kuchora ramani yenye aina moja ya udongo katika eneo kubwa, kwa kuwa udongo hubadilika kila mteremko, lakini hubadilika kwa utaratibu ule ule kilima baada ya kilima, kama pete za mkufu. Mwaka 1935 aliupa utaratibu huo jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936, miezi ya mvua, alifanya safari ndefu ya kuchunguza udongo katika sehemu mbalimbali za Tanganyika. Alifariki mwaka 1942, na taarifa ya safari hiyo ilichapishwa baada ya kifo chake, mwaka 1947. Neno katena sasa hufundishwa ulimwenguni kote, na wengi walifundishao hawajui kwamba lilizaliwa Tanga.

Sababu ya mnyororo huo ni maji yenyewe. Mvua inyeshayo juu ya kilima huyeyusha polepole madini ya mawe. Chuma hubaki juu na kuupa udongo rangi nyekundu. Kalsiamu, magnesiamu na silika huchukuliwa na maji na kuteremka bondeni, ambako hukutana na kujijenga upya kuwa mfinyanzi wa namna ya pekee. Kwa hiyo mbuga ni mwana wa kilima: kile kilichonyang'anywa juu kwa maelfu ya miaka ndicho kilichowekwa akiba chini.

Vibamba visivyoonekana

Mfinyanzi huo wa mbugani ni wa jamii iitwayo smektaiti, na mwanachama wake ajulikanaye zaidi ni montmorilonaiti, ambayo ilipata jina lake kutoka mji wa Montmorillon, Ufaransa. Chembe zake ni vibamba vyembamba mno, ambavyo unene wa kimoja hukaribia sehemu moja ya milioni ya milimita. Vibamba hivyo hupangwa kimoja juu ya kingine kama kurasa za kitabu. Kila kibamba kina chaji hasi ya umeme, na katikati ya kurasa hukaa ioni zenye chaji chanya, kama vile za kalsiamu, zikivishikamanisha.

Maji yakifika, molekuli zake huvutwa na ioni hizo na kujipenyeza kati ya kurasa. Kitabu hufutuka. Nafasi kati ya kibamba na kibamba yaweza kuongezeka maradufu, na kwa kuwa katika konzi moja ya udongo mna mamilioni kwa mamilioni ya kurasa, ardhi nzima huvimba. Kiangazi kikifika maji hutoka, kurasa hujifunga, ardhi husinyaa na kupasuka. Udongo wa aina hiyo huhesabiwa kuwa umeenea katika hekta zipatazo milioni 335 duniani, ukiwa pamoja na nyanda za Deccan nchini India, bonde la Naili nchini Sudani, na mashariki ya Australia.

Hapa yafaa kusahihisha kosa moja la kawaida. Weusi wa mbuga huwadanganya wengi wakadhani umetokana na mboji nyingi. La hasha. Mboji iliyomo ni kidogo, aghalabu sehemu moja au mbili katika mia, lakini imeshikamana na mfinyanzi kiasi cha kuutia wote rangi. Udongo mweusi wa nyanda za juu zenye baridi, kama zile za Uskochi, au vinamasi vya milima ya Ruwenzori, ni kitu tofauti kabisa: huko mpita njia hukanyaga mimea iliyokufa ambayo haikuoza kwa sababu ya baridi na maji yaliyotuama. Udongo wa huko hutitia kama sifongo. Wa Kahama hunata kama gundi. Ni jambo la kushangaza kidogo kumkuta mwanafunzi wa Kahama aliyekariri udongo mweusi wa nyika za Ukraini, lakini hajui kueleza ule ulioganda kwenye viatu vyake.

Kwa nini mguu hukwama

Mtu mwenye uzito wa kilo 60 hukandamiza ardhi kwa kani ya nyutoni 600 hivi. Akitembea, kuna wakati ambapo uzito wote huwa juu ya mguu mmoja. Ikiwa wayo wake una eneo la sentimeta 200 za mraba, shinikizo ni nyutoni 3 kwa kila sentimeta ya mraba. Mfinyanzi mkavu huchukua shinikizo hilo bila shida. Mfinyanzi ulioshiba maji hauwezi, hivyo mguu huzama hadi ufike tabaka lililo gumu zaidi.

Kuzama ni nusu tu ya taabu. Nusu nyingine ni kutoka. Mguu unapovutwa juu kwa haraka, nafasi hufunguka chini ya wayo, na tope zito haliwezi kuteremka upesi kuijaza, wala hewa haina mlango wa kuingilia. Shinikizo chini ya wayo hupungua, ilhali shinikizo la hewa ya nje huendelea kusukuma kutoka juu. Shinikizo la hewa ni nyutoni 10 hivi kwa kila sentimeta ya mraba. Tofauti ikiwa sehemu moja tu ya kumi, yaani nyutoni 1, wayo wa sentimeta 200 za mraba hushikwa kwa kani ya nyutoni 200. Ni sawa na kuinua mzigo wa kilo 20 kwa kila hatua, pamoja na tope lililoganda kwenye kiatu. Si ajabu kiatu kikabaki na mguu ukatoka!

Wazee wa mbugani hawavuti mguu wima. Huinua kisigino kwanza, wakauzungusha mguu kidogo kidogo mpaka isikike sauti ya hewa ikiingia, ndipo hutoa vidole. Ng'ombe amejaliwa kufanya hivyo kwa maumbile: kwato yake iliyopasuka hutanuka anapokanyaga, na anapoinua mguu pande mbili hukaribiana, hewa ikapita kandoni. Punda, ambaye kwato yake ni ya mviringo na haikugawanyika, hupata shida kubwa zaidi. Kuhusu mabuti marefu ya mpira, ushauri wa wauza duka hauna budi kupokelewa kwa tahadhari. Yanafaa sana kwenye madimbwi ya mjini. Katikati ya mbuga hujaa tope na maji, yakawa ndoo mbili zilizofungwa miguuni. Kwa upande mwingine, anayevua viatu hukabiliwa na miiba, na pia vimelea vya kichocho penye konokono katika maji yaliyotuama. Ajuaye mahali pa kukanyaga hufuata mashina ya majani, kwa kuwa mizizi huushika udongo, au hupita juu ya kingo za majaruba ya mpunga, mradi asiteleze.

Maji yanayotembea

Tope humchelewesha mtu. Maji yanayotembea humchukua. Na katika jambo hili mbuga ina hila moja ambayo wageni hawaijui.

Mvua za kwanza za Novemba, hata zikiwa kubwa, mara nyingi hazileti mafuriko mbugani. Maji huteremka katika nyufa na kumezwa, na panya na nyoka waliokuwa wamejificha humo hutoka nje. Mgeni huona na kudhani kwamba bonde hilo halina hatari. Lakini kadiri udongo unavyoshiba ndivyo nyufa zinavyojifunga, na zikishajifunga, ardhi ile ile ambayo ilimeza kila tone huwa kama sakafu ya saruji. Mvua ya Februari, ingawa imelingana na ile ya Novemba kwa kila milimita, haina pa kwenda ila juu ya ardhi. Milimita moja ya mvua juu ya kilometa moja ya mraba ni meta za ujazo 1,000 za maji, yaani tani 1,000. Basi mvua ya milimita 40, ambayo si ya ajabu kwa alasiri moja, ikinyesha juu ya bonde la kilometa 10 za mraba, huleta tani 400,000. Hata sehemu yake moja ya nne ikikusanyika katika mkondo mmoja, kijito ambacho mtoto alikiruka asubuhi hakivukiki jioni. Tena mvua yenyewe yaweza kuwa imenyesha juu ya vilima vya mbali, na mahali pa kuvukia jua linawaka.

Nguvu ya maji yaendayo huongezeka kwa mraba wa mwendo wake. Kwa makadirio, maji yafikayo magotini, yakienda mwendo wa meta 1 kwa sekunde, husukuma miguu miwili kwa kani ya nyutoni 50. Mwendo ukiwa meta 2, kani haiwi 100 bali 200. Ukiwa meta 3, ni 450. Dhidi ya kani hiyo mtu hana kingine ila msuguano wa nyayo zake, na msuguano juu ya mfinyanzi wenye maji ni hafifu, huenda sehemu tatu za kumi za uzito wake. Mtu wa kilo 60 aliyesimama katika maji ya magotini ana msuguano wa nyutoni 160 hivi. Kwa hiyo mkondo wa meta 2 kwa sekunde humtelezesha.

Maji yakifika kiunoni mambo hubadilika vibaya zaidi, nayo ni kazi ya kanuni ya Arkimedi. Nusu ya mwili sasa hubebwa na maji, na uzito unaokandamiza ardhi hubaki kama wa kilo 30. Msuguano hushuka hadi nyutoni 90, ilhali eneo linalosukumwa limekwisha kuongezeka maradufu. Mkondo wa meta 1 tu kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea taratibu, watosha kumwondoa. Ndiyo maana watu wazima wenye nguvu, wanaojua kuogelea, hufa katika mito ambayo kwa macho haitishi.

Juu ya kilima

Je, basi, mwanafunzi ashike njia ya juu? Asiharakishe kujibu.

Picha zilizopigwa kwa satelaiti zimeonyesha kwamba eneo la Ziwa Viktoria ni mojawapo ya mahali penye radi nyingi zaidi duniani. Usiku mawingu ya ngurumo hujengeka juu ya ziwa. Mchana, upepo wa ziwani uingiapo nchi kavu iliyopata joto, hujengeka juu ya nyanda zinazolizunguka. Tarehe 27 Januari 2025 radi iliwaua wanafunzi saba wa shule ya sekondari ya Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita, na kuwajeruhi wengine wengi. Bukombe na Kahama ni majirani.

Mkondo wa umeme wa radi ya kawaida hufikia ampea 30,000, na joto la njia yake angani huzidi mara kadhaa lile la uso wa jua. Watu wengi hudhani kwamba anayeuawa na radi ni yule aliyepigwa moja kwa moja. Wengi zaidi hudhuriwa na umeme unaotambaa ardhini. Radi ikipiga mti au ardhi, mkondo husambaa pande zote, na volti hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Palipo na tofauti ya volti kati ya mguu na mguu, umeme hupanda mguu mmoja na kushuka mwingine.

Hesabu yake si ngumu kwa mwanafunzi wa kidato cha nne. Ikiwa ardhi ni ya namna moja, na ukinzani wake wa asili ni omu-meta 100, basi meta 20 kutoka mahali radi ya ampea 30,000 ilipopiga, tofauti ya volti ni 1,200 hivi kwa kila meta moja. Mtu aliyesimama miguu ikiachana sentimeta 30 hupata volti 360. Ng'ombe, ambaye kutoka miguu ya mbele hadi ya nyuma ni meta moja na nusu, hupata volti 1,800, na njia ya umeme hupita moyoni mwake. Hivyo yawezekana radi moja ikaua ng'ombe kumi na kumwacha mchungaji akiwa hai. Wako wanaolitazama tukio kama hilo wakauliza ni nani aliyeituma radi ile. Jibu la fizikia ni kwamba ng'ombe ana hatua ndefu.

Jambo jingine ambalo hesabu hiyo hufichua ni hili: tofauti ya volti huongezeka kadiri ukinzani wa ardhi unavyoongezeka. Mfinyanzi wenye maji una ukinzani mdogo. Mwamba na mchanga mkavu vina ukinzani mkubwa mno. Kwa hiyo juu ya kilima cha mawe hatari ni mbili: kimo chake huiita radi, na mwamba wake huifanya iume zaidi. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mbuga ni salama, kwa sababu katika uwanda usio na mti mtu mwenyewe ndiye aliye mrefu kuliko vyote. Wala mti ulio peke yake si kimbilio; huo ndio mahali pabaya kupita pote. Nyumba ya udongo na majani haizuii radi, na paa la bati hufaa pale tu lilipounganishwa na ardhi kwa waya mnene. Gari lililofungwa milango hufaa.

Kipimo bora kila mtu anacho, nacho ni sikio. Mwanga wa radi hufika papo hapo, ilhali sauti huenda meta 340 hivi kwa sekunde. Kila sekunde tatu kati ya mwanga na ngurumo ni kilometa moja. Zikihesabiwa sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilometa 10, na huu ndio wakati wa kuwa tayari ndani ya jengo madhubuti. Kutoka kungoje hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Waliokutwa njiani waachane, asishikane mtu na mwenzake. Kila mmoja abane miguu, wala asilale chini.

Baridi katika nchi ya joto

Usiku mmoja mwanzoni mwa Machi 2015, mvua kubwa ya mawe na upepo iliangukia kijiji cha Mwakata, Kahama. Nyumba nyingi za udongo zilibomoka na watu wapatao 40 walipoteza maisha. Walionusurika walibaki nje usiku, wamelowa, katikati ya barafu.

Wenyeji wa nchi ya joto hawaiogopi baridi, na kwa kawaida hawana haja. Lakini nguo iliyonywa nusu lita ya maji, ikikaukia mwilini, huuchukua mwili joto lipatalo kilojuli 1,200. Mwili uliopumzika huhitaji zaidi ya saa tatu kuzalisha kiasi hicho. Mchungaji mdogo, mwembamba, ambaye hakula tangu asubuhi, hana akiba hiyo.

Somo hili lilijifunzwa kwa gharama kubwa huko Uingereza. Mwezi wa Machi 1964, katika mashindano ya kutembea yaitwayo Four Inns, katika nyanda za juu za Derbyshire, vijana watatu wenye afya njema walikufa njiani. Kilichowaua ni maji, upepo na uchovu kwa pamoja. Daktari Griffith Pugh, ambaye mwaka 1953 alikuwa mtaalamu wa fiziolojia wa msafara wa Everest, aliyachunguza mavazi ya namna waliyovaa, akaonyesha kwamba nguo iliyolowa na kupigwa upepo hupoteza sehemu kubwa mno ya uwezo wake wa kutunza joto. Hewa iliyokamatwa kati ya nyuzi ndiyo koti halisi; maji yakiingia hewa hutoka. Hali hiyo hiyo huwakuta wapanda Kilimanjaro na wapagazi wao katika ukanda wa majani na mialobelia, ambako mvua ni baridi na mahali pa kujikinga ni haba. Kambi ya Horombo iko meta 3,720 juu ya bahari. Joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila meta 1,000, hivyo siku yenye nyuzi 25 mjini Moshi huko juu ni siku ya nyuzi 8.

Dalili za kwanza ni kutetemeka. Kisha mtu hujikwaa, ulimi huwa mzito, naye huwa mbishi na hutaka kuketi peke yake. Joto la mwili limekwisha kushuka chini ya nyuzi 35, na anapoacha kutetemeka bila ya kupata moto, hali yake ni mbaya zaidi. Nguo zilizolowa zivuliwe, afunikwe kilichokavu, apewe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa aweza kumeza. Pombe asipewe kamwe.

Njia ya tatu

Mwanafunzi wa Kahama bado amesimama langoni. Wingu limekaribia, naye anahesabu sekunde 20 kati ya mwanga na ngurumo. Hakuna njia ya kushika kwa sasa. Njia ni kurudi darasani na kungoja, na mwalimu aliyebaki naye asiulizwe kwa nini amechelewa kufunga ofisi.

Nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho, kilima hakina haja ya kupandwa hadi kileleni, wala mbuga haina haja ya kukatwa katikati. Kati ya hizo mbili uko ukanda wa luseni, wa kichanga, ambao maji hupenya na mguu haukwami. Ni mbali zaidi kwa kuzunguka, lakini hatua zake ni nyepesi, hata huenda safari ikawa fupi kwa saa. Onyo moja lahitajika katika nchi hii ya dhahabu: penye maduara ya zamani ya wachimbaji, shimo lililojaa maji hufanana na dimbwi, na kingo zake zilizolowa hubomoka. Mfano hauhitaji kutafutwa mbali. Mwezi wa Januari 2024, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, maporomoko yaliyosababishwa na mvua yaliwafukia wachimbaji 22. Fimbo ndefu, ya kupimia kabla ya kukanyaga, ni chombo cha kisayansi kama kingine chochote.

Jaribio la darasani

Walimu wanaotaka kuwaonyesha wanafunzi kufutuka kwa mfinyanzi wahitaji vitu vichache tu. Uchukuliwe udongo wa mbuga, ukaushwe juani, utwangwe na kuchekechwa. Sentimeta 10 za ujazo za unga huo zimiminwe polepole katika silinda ya kupimia yenye sentimeta 100 za ujazo za maji. Katika silinda ya pili uwekwe udongo wa luseni kwa kipimo kile kile. Baada ya saa 24 kisomwe kimo cha udongo uliotulia chini ya kila silinda. Luseni utakuwa karibu na pale ulipoanza. Mbuga ukifika sentimeta 20 za ujazo au zaidi, umeongezeka mara mbili au zaidi, na mhandisi akiyaona matokeo hayo hatakubali kujenga nyumba juu yake kabla ya kuuondoa na kujaza changarawe. Wanafunzi wakusanye udongo kila hatua 100 kuanzia mawe ya kilima hadi bondeni, wachore grafu ya umbali na kufutuka, nao watakuwa wameichora katena ya Milne kwa mikono yao wenyewe.

Kazi ya kuchimba yafaa ifanywe Juni, mvua zikiisha na udongo ukiwa bado laini kidogo. Wakati huo mbuga huwa imehifadhi nyayo zote za masika: za ng'ombe, za punda, za watu wazima na za watoto waliokuwa wakienda shule. Jua huzikausha zikawa ngumu kama mawe, na hubaki hivyo hadi Novemba, kila moja ikionyesha ni wapi mtu alizama, wapi alirudi nyuma, na wapi aliamua kuzunguka.